Kiongozi Wetu Akishitakiwa: Chama Kifanye Nini, Nasi Tufanye Nini?



Somo letu la mara hii linahusu vyama vya kisiasa. Tunataka kutazama jambo moja tu: chama kinafanya nini wakati mkubwa wake anapopatwa na kashfa? Tunaposema kashfa, tunamaanisha tuhuma nzito ya kuiba mali ya umma, kupokea rushwa au kutumia cheo vibaya, tuhuma ambayo imekwisha kujulikana na watu wote.

Huenda mtu akauliza: sisi tuliokimbia vita, tunalala chini ya shitingi, mambo ya wakubwa wa Kinshasa yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu tatu.

Kwanza, mara nyingine pesa inayopotea ni ya wahanga wa vita. Tutaona mfano wake hapa chini.

Pili, chama kikitaka watu wa kuandamana, kinawatafuta vijana wasio na kazi. Kambini vijana hao ni wengi. Wanapewa shati lenye picha ya mkubwa na franka kidogo, na wanaoumia barabarani ni wao.

Tatu, kashfa ya mtu mmoja hugeuzwa upesi kuwa ugomvi wa kabila na kabila, au jimbo na jimbo. Mtu aliyekimbilia kwa watu wengine ndiye wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya.

NJIA NNE AMBAZO VYAMA HUFUATA

Tukitazama inchi yetu na inchi za jirani, tunaona vyama hufuata njia nne.

1. Kufunika. Chama kinasema hakuna neno, ni uongo wa maadui. Hakiulizi hata mtuhumiwa mwenyewe.

2. Kutupa. Chama kinamfukuza mtu mmoja haraka ili wengine wapone. Watu wanafurahi, lakini hakuna anayejua pesa ilipita wapi na nani alitia sahihi.

3. Kugeuza. Chama kinasema: si yeye anayeshitakiwa, ni kabila letu, ni jimbo letu. Hii ndiyo njia ya hatari zaidi kwa amani.

4. Kumweka kando ili ajibu. Chama kinamwomba mtuhumiwa aache cheo, kinawafungulia wachunguzi vitabu vyake, kisha kinangoja korti. Hakimwiti mwizi, wala hakimwiti mtakatifu.

Njia ya nne ni ngumu na haionekani mara nyingi. Mifano mitatu inayofuata inatuonyesha sababu. Hatutaki kumhukumu mtu yeyote upya. Tunataka kutazama vyama na matendo yao.

MFANO WA KWANZA: VITAL KAMERHE

Mwanzoni mwa mwaka 2009 jeshi la Rwanda liliingia Kivu ya Kaskazini kupigana na FDLR pamoja na jeshi la Kongo. Operesheni hiyo iliitwa Umoja Wetu. Vital Kamerhe, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, alikuwa msimamizi wa Bunge la taifa na mkubwa katika chama cha PPRD. Alisema hadharani kwamba yeye hakujulishwa. Chama chake kilikasirika. Mwezi wa tatu mwaka huohuo alijiuzulu kiti cha Bunge. Mwaka 2010 alitoka PPRD na kuunda chama chake, UNC.

Tutazame hapa: hakutuhumiwa wizi. Kosa lake mbele ya chama lilikuwa neno alilosema, na chama kilitenda kwa miezi miwili tu.

Miaka kumi baadaye Kamerhe alikuwa mkurugenzi wa ofisi ya Raisi Félix Tshisekedi. Tarehe 8 mwezi wa nne 2020 alikamatwa. Alishitakiwa kupora zaidi ya dola milioni 48 katika programu ya siku 100, hasa pesa za kujenga nyumba kwa vipande vilivyotengenezwa tayari. Kesi ilisikilizwa katika gereza la Makala na kuonyeshwa kwenye televisheni. Tarehe 20 mwezi wa sita 2020 alihukumiwa miaka 20 ya kazi za lazima. Yeye alikana mashtaka yote. Mwaka 2021 Korti ya Rufaa ilipunguza adhabu kuwa miaka 13. Mwaka 2022 Korti ya Kasasyo ilifuta hukumu hiyo, na mwezi wa sita mwaka huo Korti ya Rufaa ikamwachilia huru. Mwaka 2023 akawa waziri wa uchumi, na mwaka 2024 akarudi kwenye kiti cha Bunge. Alijiuzulu kiti hicho mwezi wa tisa 2025, kabla wabunge hawajapiga kura juu ya malalamiko yaliyoandikwa dhidi yake.

UNC ilifanya nini mwaka 2020? Ilisimama na mwanzilishi wake na kusema kwamba kesi ilikuwa ya kisiasa. Bukavu wafuasi walitoka barabarani. Wengi walisema kwamba ni Kivu nzima iliyofungwa pamoja naye, na kwamba wenzake wa Kinshasa walivunja mapatano ya Nairobi ya mwaka 2018. Upande mwingine watu walishangilia na kumwita mwizi kabla ya rufaa kusikilizwa.

Wote hao walihukumu mapema. Aliyesema « ni mwizi » aliona korti ikimwachilia huru. Aliyesema « ni kabila letu » aliona mtu wake akirudi serikalini pamoja na walewale aliowaita maadui. Katika makelele hayo, swali la mwananchi, yaani nyumba ziko wapi, lilisikika kidogo sana.

Kuna fundisho la pili hapa. Vyama vingi vya inchi yetu vimejengwa juu ya mtu mmoja. Yeye ndiye mwanzilishi, ndiye mwenye pesa, ndiye anayepanga majina ya wagombea. Chama cha namna hiyo hakiwezi kumweka kando mwenye chama, kwa sababu akitoka yeye, nyumba yote inaanguka.

MFANO WA PILI: PESA YA WAHANGA WA VITA

Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa ubaya uliofanywa wakati wa vita vya mwaka 1998 mpaka 2003. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu walioumizwa na waliokufa, milioni 40 kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili ulioporwa. Korti iliamua zilipwe kwa vipande vitano vya milioni 65, kimoja kila mwaka. Watu wa Ituri na watu wa Kisangani, mahali ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita katika mwezi wa sita 2000, wanajua vizuri ni maumivu gani yanayosemwa hapa. Serikali iliunda mfuko unaoitwa FRIVAO ili kuwagawia wahanga.

Constant Mutamba, kiongozi wa chama cha NOGEC, aligombea uraisi mwaka 2023 na akawa waziri wa sheria mwaka 2024. Alijulikana kwa maneno makali juu ya wezi wa mali ya umma, na vijana wengi walimpenda kwa hiyo. Mwaka 2025 alituhumiwa kwamba karibu dola milioni 19 zilichukuliwa kinyume cha sheria kwa ajili ya kandarasi ya kujenga gereza Kisangani. Pesa hizo zilihusishwa na mfuko wa wahanga. Mwezi wa sita Bunge lilikubali ashitakiwe, naye akajiuzulu. Tarehe 2 mwezi wa tisa 2025 Korti ya Kasasyo ilimhukumu miaka mitatu ya kazi za lazima. Yeye alikana, akasema ni njama ya maadui wake.

Hapa tunaona jambo jema moja: Bunge halikutumia kinga yake kumfunika, na waziri hakuendelea kukaa kwenye kiti akingoja kesi. Lakini tunaona upungufu pia. Mjadala wa wafuasi na wapinzani ulikuwa juu ya mtu: anaonewa au haonewi? Mwenye mali, yaani mama aliyepoteza watoto Kisangani au baba aliyechomewa nyumba Ituri, hakusikika sana. Chama kinachowapenda watu kingepaswa kuuliza kwanza: pesa ya wahanga itarudije mahali pake?

MFANO WA TATU: EDWARD LOWASSA WA TANZANIA

Mfano wa tatu unatoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika inchi iliyowapokea Wakongomani wengi katika kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996. Tumeuchagua kwa sababu CCM ni chama kilichobadilisha viongozi wake mara nyingi. Si chama cha mtu mmoja. Je, chama cha namna hiyo kinafanya vizuri zaidi?

Mwaka 2006 Tanzania ilikosa umeme kwa sababu ya ukame. Kampuni iliyoitwa Richmond ilipewa mkataba wa kuleta umeme wa dharura, lakini haikuwa na uwezo. Bunge liliunda kamati teule. Mwenyekiti wake, Harrison Mwakyembe, alikuwa mbunge wa CCM, yaani chama kilekile cha serikali. Mwezi wa pili 2008 kamati ilisoma ripoti yake mbele ya Bunge, na Watanzania wote wakasikia. Waziri mkuu Edward Lowassa alijiuzulu tarehe 7, na mawaziri wawili pamoja naye. Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumwita ajieleze.

Mpaka hapo tunaona nguvu: mwanachama alimchunguza mkubwa wa chama chake bila kumwita adui, na hapakuwa na maandamano ya kabila. Lakini baada ya hapo chama kilinyamaza. Lowassa hakupelekwa kortini juu ya Richmond, wala hakusafishwa jina. Aliendelea kuwa mbunge wa CCM. Mwaka 2011 chama kilitangaza mpango wa « kujivua gamba », maana yake watuhumiwa waondoke wenyewe. Rostam Aziz alijiuzulu, Lowassa alibaki. Mwaka 2015 CCM ilikata jina lake katika orodha ya wagombea uraisi.

Wapinzani nao walifanya nini? Mwaka 2007, katika mkutano wa Mwembe Yanga huko Dar es Salaam, Dokta Willibrod Slaa wa CHADEMA alikuwa amesoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na Lowassa alikuwamo. Mwezi wa saba 2015 CHADEMA hiyohiyo ilimpokea Lowassa na kumfanya mgombea wake. Alipata kura zaidi ya milioni 6, lakini hakushinda. Slaa aliachana na chama kwa sababu hiyo. Mwaka 2019 Lowassa alirudi CCM, na ikampokea. Alikufa mwaka 2024.

Basi kwa miaka zaidi ya kumi mtu yuleyule aliitwa mchafu au safi kwa kutegemea alikaa upande gani. Wananchi hawakupata jibu kama alikuwa na hatia, na yeye mwenyewe hakupata hukumu ya kumsafisha. Chama kikubwa chenye katiba na vikao kinaweza pia kushindwa, kama hakimalizi kazi iliyoanzwa.

SHERIA YA INCHI YETU INASEMA NINI?

Inafaa viongozi wa jamii wajue mambo haya machache.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema kila mshitakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Hukumu ya kwanza yenye rufaa si ya mwisho.

Kifungu cha 99 kinataka Raisi na mawaziri watangaze mali ya familia zao mbele ya Korti ya Katiba wanapoingia kazini na wanapotoka.

Kifungu cha 107 kinampa mbunge kinga. Mbunge hawezi kushitakiwa kwa maoni au kura yake. Kwa makosa mengine anaweza kushitakiwa, Bunge likitoa ruhusa.

Kifungu cha 110 kinasema mbunge anayeacha chama chake kwa kusudi anahesabiwa kuwa ameacha kiti chake. Hii inatusaidia kuelewa kwa nini wabunge wengi wananyamaza wakati mkubwa wao ana kashfa: akitoka chamani, anapoteza kazi.

Sheria namba 04/002 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 2004 juu ya vyama inakataza chama kujitambulisha kwa ukoo, kabila, jimbo au dini. Chama kinachosema « kumgusa huyu ni kugusa kabila letu » kinakwenda kinyume cha sheria iliyokizaa.

CHAMA KINACHOPENDA AMANI KIFANYE HIVI

Wanachama, hata wa mashinani, wanaweza kuomba chama chao mambo haya:

1. Kimsikilize mtuhumiwa kwanza, kwa kumwita na kuandika majibu yake.
2. Kimwombe aache cheo cha serikali na cha chama wakati wa uchunguzi, bila kumwita mwenye hatia.
3. Kiwaonyeshe wachunguzi karatasi zote, na kisimwadhibu mwanachama aliyesema ukweli.
4. Kiwaambie wafuasi wazi: msiandamane kwa jina la kabila, msiguse mali ya mtu.
5. Korti ikimaliza, kikubali. Akiwa na hatia, kisaidie mali irudi. Akiwa hana, kimrudishie heshima yake hadharani, kama vile alivyotuhumiwa hadharani.

VIONGOZI WA WAHAMAJI WAFANYE HIVI

Mjumbe wa chama akija kambini au mtaani kutafuta waandamanaji, wazee wa kamati, viongozi wa wamama na wachungaji wamwulize kwa upole: Anashitakiwa nini hasa? Pesa hiyo ilikuwa ya kazi gani? Yeye mwenyewe amejibu nini? Kesi imefika wapi? Kijana wetu akiumia, nani atalipa hospitali? Mjumbe mwenye nia njema atajibu. Mwingine ataondoka.

Redio au simu ikileta habari ya kukamatwa kwa mkubwa, ni vema wakuu wa makabila mbalimbali wakutane siku hiyohiyo na kuwaambia watu wao neno moja: huyu atajibu kwa jina lake, si kwa jina la kabila lake. Neno hilo likichelewa siku tatu, uvumi utakuwa umekwisha kutembea.

Pia tuanze nyumbani. Kamati zetu za ugawaji ni kama vyama vidogo. Memba akituhumiwa kuuza jetoni au kuandika jina la ndugu yake mara mbili, kamati hufuata njia zilezile nne. Wengine wanamfunika kwa sababu ni mtu wa kijiji chao. Wengine wanamfukuza kwa kelele bila kumsikiliza. Kamati njema inamwomba akae kando, inahesabu jetoni mbele ya watu, inamsikiliza, inatoa jibu, na aliyekosa chakula anarudishiwa. Tukizoea kufanya hivyo kwa gunia la unga, tutajua kudai hivyo kwa mamilioni ya dola.

Watu husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki huenda ni kweli. Kwa chama, kwa kabila na kwa kamati si lazima iwe hivyo, kama walio wazima hawamfuniki aliyeoza na hawamhukumu yeyote kabla ya kumchunguza.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mifano mitatu, ni wapi chama kilitenda haraka, na ni wapi kilichelewa? Sababu gani?
2. Je, unakumbuka kashfa ya mkubwa iliyogeuzwa kuwa ugomvi wa kabila mahali ulipoishi? Nani aliumia? (Msitaje majina ya watu wa jirani.)
3. Kwa nini ni vigumu kukubali kwamba mtu wa kwetu achunguzwe? Na mtu wa wengine je?
4. Mtu akiachiliwa huru na korti, jamii imrudishieje heshima?
5. Kamati yenu ina kanuni gani juu ya memba anayetuhumiwa? Kama hakuna, andikeni kanuni tatu pamoja leo, na mzisome mbele ya watu wote.

Tunawaomba viongozi wasome somo hili kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, na wawape wamama na vijana nafasi ya kusema kabla ya wazee kufunga mazungumzo. Amani iwe kwenu na kwa wale waliowapokea.